Infografiki ya mwanafunzi: sentensi kwanza, programu baadaye

Mazoezi mengi ya infografiki, yaani michoro inayoeleza data kwa picha na maneno machache, huharibika mapema kabisa, pale mwanafunzi anapofungua programu na kuchagua kiolezo. Kiolezo kimeshaamua kila kitu: maduara matatu, aikoni sita, kichwa kikubwa juu. Kazi inayobaki ni kutafuta namba za kujazia nafasi. Ningekuwa na mamlaka, violezo ningevipiga marufuku mpaka mwanafunzi awe amechora angalau kazi tatu kwa mkono.

Zoezi la kwanza basi lifanyike bila kompyuta. Mpe mwanafunzi jedwali dogo lisilozidi safu 12, kisha mtake aandike sentensi moja inayotokana nalo. Iwe sentensi kamili, yenye kitenzi. "Matumizi ya maktaba" ni jina la faili tu. "Vitabu vilivyoazimwa Juni ni mara nne ya vile vya Januari" ni sentensi, nayo inamwonyesha mchoraji kwamba kuna vitu viwili vya kulinganishwa na kwamba miezi mingine yaweza kufifishwa. Anayeshindwa kuiandika bado hajaielewa data yake. Mrudishe kwenye jedwali.

Baada ya hapo, karatasi ya A4 ikunjwe mara mbili ili itoe visanduku vinne. Kila kisanduku kibebe mchoro tofauti wa sentensi ileile, dakika tano kwa kila mmoja, kwa kalamu nene ya wino. Kalamu nene ina sababu: haikuruhusu kurembesha. Visanduku viwili vya mwanzo karibu kila mara huwa grafu ya pau na grafu ya duara, kwa mazoea tu. Fikra zenyewe huanza kwenye cha tatu.

Mchoro upi uchaguliwe? Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walipanga kwa daraja namna jicho linavyosoma kiasi kwenye grafu. Nafasi kwenye skeli moja ndiyo inayosomwa kwa usahihi zaidi; urefu na pembe hufuata, halafu eneo, na ukolezi wa rangi uko mkiani. Ndiyo maana nukta zilizopangwa kwenye mstari mmoja huishinda grafu ya duara yenye vipande saba vinavyokaribiana. Duara litumike pale vipande vikiwa viwili au vitatu na vyote kwa pamoja vikifanya asilimia 100. Zaidi ya hapo, chora pau.

Eneo ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Tuseme Januari viliazimwa vitabu 100 na Juni 400. Mwanafunzi anachora duara la Januari lenye nusukipenyo cha sentimita 1, na la Juni cha sentimita 4, kwa kuwa 400 ni mara nne ya 100. Lakini eneo hukua kwa mraba wa nusukipenyo: duara la kwanza lina sentimita za mraba 3.14, la pili zaidi ya 50. Msomaji anaona mara 16. Dawa yake ni kutafuta kipeuo cha pili cha uwiano. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, hivyo duara la Juni liwe na nusukipenyo cha sentimita 2. Waambie wakate maduara yote mawili kwa karatasi, lile la kosa na lile sahihi, wayapange juu ya meza. Wakishayaona kando kwa kando hawahitaji maelezo mengi.

Kosa hilohilo huingia kwenye picha: mtu mmoja mdogo kando ya mtu mmoja mrefu mara nne, ambaye pia amenenepa mara nne. Mwanafalsafa Otto Neurath na wenzake kule Vienna, Austria, miaka ya 1920, walikuwa na kanuni rahisi ya kulikwepa: kiasi kikubwa kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi zenye ukubwa uleule, si kwa alama kubwa zaidi. Kila alama iwakilishe idadi maalumu, tuseme vitabu 50, na ufunguo useme hivyo. Januari ipate alama mbili, Juni nane. Kinachosumbua ni mabaki. Vitabu 120 vitahitaji alama mbili na kipande, na kipande hicho kikatwe kwa wima, kwa kipimo.

Pau nazo zianzie sifuri. Ukilinganisha 96 na 100 huku mhimili ukianzia 95, pau moja ina urefu wa kizio 1 na nyingine 5, na tofauti ndogo inageuka ya mara tano. Grafu ya mstari ina uhuru zaidi, kwa sababu pale msomaji anafuata mwinuko, hapimi urefu.

Kuhusu rangi, kijivu kwa vyote na rangi moja kali kwa kile sentensi inachokitaja hutosha kwa kazi nyingi. Maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa utofauti, yaani tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake, usiopungua 4.5 kwa 1. Kisha chapisha nakala ya rangi nyeusi na nyeupe. Kama maana imepotea, rangi ilikuwa inabeba mzigo peke yake, na wasiotofautisha nyekundu na kijani wangeikosa vilevile.

Zoezi gumu zaidi liachwe mwisho: kuchora upya grafu ya muuguzi Mwingereza Florence Nightingale ya mwaka 1858 kuhusu vifo vya wanajeshi wa Uingereza katika vita vya Krimea. Yeye alitumia vipande vinavyozunguka kitovu, kila mwezi na chake, na kiasi kikiwa kwenye eneo. Vibadilishwe kuwa pau. Miezi inayokaribiana sasa inalinganishika bila taabu, ila ule uvimbe mkubwa wa majira ya baridi ya 1855 unapoteza sehemu ya kishindo chake.

Wakati wa ukaguzi, neno "nzuri" lisikubaliwe. Mchoro uonyeshwe kwa sekunde tano kwa mtu asiyeijua data, ufunikwe, naye aandike alichokiona. Maandishi yake yawekwe kando ya sentensi ya mwanzo. Zikitofautiana, mchoraji arudi kwenye visanduku vyake vinne. Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye kile alichokipita.