Kubadilisha pamba ya katriji ya sigara ya umeme: ninavyofanya hapa Goma

Katriji, kile kichupa cha kimiminika kinachochomekwa kwenye kifaa, ikianza kutoa ladha ya kuungua, wengi huitupa. Shida ni kwamba katriji za aina moja unazipata kwenye mtaa wa biashara wa Birere wiki hii, wiki ijayo hazipo, na muuzaji anakupa nyingine isiyoingia kwenye kifaa chako. Ukiifungua ile uliyotaka kutupa, mara nyingi utakuta plastiki ni nzima na koili, ule waya wa kuzungushwa unaopasha kimiminika moto, ni nzima. Kilichoungua ni kipande cha pamba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho ninachobadilisha, na koili nikilazimika. Katriji za seramiki (kauri) sizigusi, kwa kuwa hazina pamba ya kutoa. Zenye wavu badala ya waya hubadilishwa pamba tu: wavu umechomelewa kwenye vishikio vyake, ukichanika basi.

Ninatumia pinseti nyembamba, wembe, ncha ya drili ya milimita 2, bomba la sindano la mililita 3, maltimita na pamba. Ncha ya sindano isugue kwenye jiwe mpaka iwe butu. Ikibaki kali itatoboa kizibo cha mpira, na mpira uliotobolewa hauzibi tena. Kufungua, chukua kile kijiplastiki ambacho mafundi wa simu hufungulia skrini, kisukume kwenye ubavu mmoja wa sehemu ya mdomoni, kisha ubavu wa pili. Kisu kinavunja vile vimeno viwili vinavyoishika.

Pamba ndiyo kazi yenyewe. Nunua pamba nyeupe ya duka la dawa, ile ya kufungia vidonda, isiyo na manukato. Ya mto au godoro haifai, kwa sababu bado ina nta yake ya asili na haifyonzi. Jaribu hivi: dondosha kibonge kidogo juu ya maji. Pamba nzuri inazama ndani ya sekunde 10. Inayoelea mrudishie mwenye duka. Mimi huichemsha kwa dakika 10 bila sabuni, naisuuza, naianika mahali pasipo na vumbi. Na vumbi la Goma mnalijua: changarawe ya lava iliyosagwa na magurudumu ya pikipiki huingia hata ndani ya kabati.

Zisokote nyuzi zote za pamba zielekee upande mmoja, kisha zipitishe ndani ya koili. Pamba iwe na ubishi kidogo inapopita, lakini koili isisogee wala kupinda. Ni sawa na utambi wa koroboi: ukibana mno mafuta hayapandi, ukilegea yanamwagika. Pamba iliyobana hukauka katikati huku ncha zake zikiwa zimelowa, na mvuto wa tatu au wa nne unakuwa moshi mchungu. Iliyolegea huacha kimiminika kijae kwenye njia ya hewa, ndiyo ule mlio wa maji na matone mdomoni. Wanaoanza karibu wote hubana, wakidhani pamba nyingi ni kimiminika kingi. Kata ncha zikomee palepale kwenye matundu ya kuingizia kimiminika, uzifumue kidogo kwa pinseti, usizishindilie.

Ikiwa koili imeshika masizi, itumbukize kwenye spiriti ya asilimia 90 kwa dakika 20, uisugue kwa mswaki laini, halafu uiache mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa. Kuichoma mpaka iwe nyekundu ikiwa bado ndani ya plastiki ni kuyeyusha katriji.

Waya ukiwa umekatika, natengeneza mwingine kwa Kanthal, aloi ya chuma, kromiamu na alumini. Waya wa milimita 0.25 una ukinzani wa karibu ohmu 29 kwa mita. Zungusha mara 5 kwenye ncha ya drili ya milimita 2, acha miguu yenye milimita 3 kila upande: jumla ni karibu sentimita 4, unapata ohmu 1.2 hivi. Pima. Maltimita za bei nafuu hudanganya kwenye namba ndogo, kwa hiyo gusanisha kwanza nyaya zake mbili, soma inachoonyesha (0.3 kwa mfano), kisha kitoe kwenye kipimo cha koili. Usishuke chini ya ukinzani ulioandikwa kwenye katriji ya awali. Kwa betri ya volti 3.7, ohmu 1.2 inavuta ampea 3 na kutoa wati 11, ohmu 0.6 inavuta ampea zaidi ya 6, na kibetri cha kifaa kidogo hakikuundwa kubeba mzigo huo. Wanaosaka mawingu makubwa ya mvuke wanunue kifaa kikubwa.

Sasa kuvuja, ambako watu hapa hulaumu feki. Bidhaa nyingi hushukia Mombasa au Dar es Salaam, usawa wa bahari, na Goma iko karibu mita 1,500 juu. Mkandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya katriji hutanuka karibu moja ya tano. Katriji yenye nusu mililita ya hewa inasukuma kama mililita 0.1 ya kimiminika kupitia pamba hadi kwenye njia ya hewa. Ukiipata mpya, isimamishe kizibo kikiwa juu, fungua kizibo hewa ipumue, funga tena, halafu fyonza njia ya hewa kwa karatasi laini. Unayoijaza mwenyewe hapa haina tatizo hilo mpaka usafiri. Ukishuka Uvira, kwenye mita 780 hivi, hewa huingia tu ndani. Ukipanda kurudi ndipo inavuja, kwa hiyo ifungue kizibo kabla ya kuivuta. Unapojaza, acha povu dogo tu la hewa, na kizibo kiingize kimelala upande mmoja kwanza. Ukikikandamiza wima, kinasukuma kimiminika kama pampu.

Kimiminika kiwe nusu gliserini na nusu propilini glikoli. Gliserini ni nzito kutiririka zaidi ya mara 20 kuliko mwenzake, na usiku wa baridi hapa huzidi kuwa nzito, hivyo mchanganyiko wa gliserini 70 kwa 30 haupiti kwenye vitundu vya katriji ndogo. Mimi hununua kilichokwisha kuchanganywa, kwenye chupa yenye lebo. Gliserini ya kupimiwa kwenye kidumu siitumii: ya viwandani huweza kuwa na dietilini glikoli, sumu ileile iliyokutwa kwenye dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia mwaka 2022. Mafuta ya aina yoyote, ya kupikia au ya vitamini, yasiingie kwenye katriji; hayawi mvuke, yanafika mapafuni yakiwa mafuta. Marekani mwaka 2019 asetati ya vitamini E, hasa kwenye katriji za bangi za mtaani, ilihusishwa na ugonjwa wa mapafu ulioua watu 68 kufikia Februari 2020. Angalia pia nikotini. Miligramu 50 kwa mililita ni ya koili ya ohmu 1.2 kwenda juu, kwenye 0.6 itakupa kizunguzungu na kichefuchefu. Chupa ikae mbali na watoto, na kikikumwagikia mkononi nawa papo hapo.

Kabla ya kufunga, dondoshea pamba matone 4 au 5 mpaka ing'ae. Jaza, ngoja dakika 10, vuta mara mbili bila kuwasha, kisha anza na mivuto mifupi. Ilaze juu ya karatasi nyeupe usiku kucha: doa dogo chini ya tundu la hewa ni pamba iliyolegea, doa la duara kuzunguka kitako ni mpira uliokaa vibaya. Vimiminika vitamu sana vyenye sukralozi (kitamu bandia) huganda kwenye koili upesi, na hapo pamba utaibadilisha mara mbili wakati mwenzako wa ladha ya tumbaku tupu anabadilisha mara moja.