Plagi iliyoanguka: nilivyofika kwenye leseni ya ufundi ndege

Kazi yangu ya kwanza kwenye ndege ilikuwa kulaza mapipa.

Wengi wanaoniuliza "kaka, nifanyeje niwe rubani wa misheni" hawategemei habari za mapipa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na D ya Fizikia na F ya Hisabati, na mjomba wangu, mlinzi pale Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, akanipatia kibarua kwenye hanga la shirika moja la ndege za kimisheni. Nifagie, nioshe ndege, nisaidie kuzisukuma, na nitunze mapipa ya mafuta yanayopelekwa kwenye viwanja vya porini.

Pipa la lita 200 ukilisimamisha nje, mvua ikinyesha maji hutuama juu yake. Mchana jua hupasha mafuta yakatanuka, usiku yakapoa yakasinyaa, na pipa likavuta pumzi kama mtu: linanyonya yale maji kupitia uzi wa kizibo. Kwa hiyo unalilaza ubavu, vizibo viwili vikikaa usawa wa saa tatu na saa tisa, mafuta yavikalie kwa ndani. Siku ya kuyatumia unalisimamisha, unaliacha litulie, unachovya fimbo iliyopakwa dawa ya kupimia maji. Dawa ikibadilika rangi, maji yamo, usipampu.

Kisha kuna suala la mafuta gani. Ndege ya injini ya pistoni, kama Cessna 206, inakunywa petroli ya ndege, ambayo ni ya bluu. Ndege kama Cessna Caravan ina injini ya tabaini na inatumia mafuta ya jeti, jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Ukimimina ya jeti kwenye 206, injini inaweza kuwaka vizuri kabisa, ikaenda hadi mwisho wa uwanja, ikaanza kugonga na kufia hewani. Nilifundishwa kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka ikapotea, mafuta ya jeti huacha duara la greisi. Nilikuwa natembea na karatasi mfukoni kama mganga na hirizi, na vijana wenzangu walinicheka sana.

Ndege za misheni nilizijua tangu utotoni. Kwetu ni upande wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, na kila baada ya wiki kadhaa ndege ilileta wauguzi, mizani ya watoto ikining'inizwa mtini, kina mama wakapanga foleni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza ng'ombe uwanjani kabla haijatua. Mdogo wangu alichanjwa chini ya mti ule. Kwa hiyo nilitaka kuwa rubani, kama watoto wote waliofukuza wale ng'ombe. Kuwa fundi sikuwahi kukuwaza. Fundi hakushuka kwenye ile ndege na miwani nyeusi.

Kilichonigeuza, niseme ukweli, ni hela. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamtaka rubani wa leseni ya biashara awe na saa 200 za kuruka, au 150 akipitia kozi iliyoidhinishwa. Kila saa moja ina mafuta, bima, mwalimu na matengenezo. Nilipopiga hesabu nyuma ya karatasi yangu ya kupimia mafuta, niliona mbuzi wa kijiji kizima wasingetosha. Leseni ya fundi inadai kitu kingine: uzoefu wa miaka minne, au miwili kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Miaka ninayo, nikajisemea. Hela sina.

Fundi mkuu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kule Embakasi mpaka jumuiya ilipovunjika 1977, akarudi nyumbani na sanduku la spana. Sote tulimwita Mzee. Nilipomwambia nataka kuwa fundi wa misheni, na kwamba mchungaji wangu yuko tayari kuniandikia barua ya wito, alijibu bila kuinua kichwa: "Barua ya mchungaji haitafungua kitabu cha Cessna. Kalete Hisabati."

Nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana mapipa, usiku hesabu, chumba cha kupanga Ngaramtoni na taa ya chemli umeme ukikatika. Kingereza nilijifunzia kwenye vitabu vya matengenezo, ndiyo maana mpaka leo naweza kueleza mfumo wa breki kwa Kingereza safi lakini nikialikwa chai na wageni nababaika. Mwaka 2011 nilipata C ya Hisabati na C ya Fizikia. Mzee alizitazama, akasema, "Haya."

Ada ilitoka usharikani. Mnajua mnada wa baada ya ibada: mtu anatoa jogoo, anauzwa, aliyenunua anamrudisha auzwe tena. Jogoo mmoja wa mwaka ule nadhani alilipa muhula mzima. Kina mama wakaongeza mahindi, mjomba akauza ndama, na mwaka 2012 nikapanda basi kwenda chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi, Nairobi. Ya chuo sina mengi ya kusimulia. Ni darasa, karakana, mtihani, na Kiswahili changu kuchekwa kwa upole. Nilipiga riveti mpaka viganja vikaota sugu. Jambo moja lilinikaa: somo la makosa ya kibinadamu, yale mambo 12 ambayo Gordon Dupont aliyaorodhesha kule Kanada mwaka 1993. Uchovu, mazoea, kukosa mawasiliano, shinikizo na mengineyo. Nililifaulu vizuri sana. Niliandika ukurasa mzima kuhusu shinikizo la bosi mkali anayetaka ndege yake iruke apate faida.

Nilirudi Kisongo mwaka 2015 na stashahada, nikidhani sasa ni fundi. Mzee akanikabidhi kitabu kitupu cha kumbukumbu za kazi, na ndipo nilipoelewa ile miaka miwili maana yake nini. Kila kazi uifanyayo unaiandika: tarehe, ndege, umefanya nini, kwa kufuata ukurasa upi wa kitabu cha mtengenezaji. Fundi mwenye leseni anatia sahihi kwamba ameona. Mzee hakutia sahihi kitu asichokiona kwa macho. Nikifunga filta ya oili yeye akiwa kwenye simu, nafungua tena. Kuna majuma kitabu kilipata mstari mmoja. Nilisikia kwamba kwenye mahanga mengine vijana hujaziwa kurasa kumi kwa alasiri moja na soda mbili, na siku nyingine niliwaonea wivu.

Kulikuwa na kingine kilichonisumbua ambacho watu hawakisemi hadharani. Wamisionari wa kutoka nje wanaishi kwa michango ya makanisa ya kwao, wanaandika barua za maombi, wana picha kwenye friji za watu Marekani na Uholanzi. Mimi nilikuwa na mshahara na kadi ya mahudhurio. Tunafunga boliti zilezile. Je, mimi ni mmisionari au mwajiriwa? Nilimuuliza mchungaji, akanipa jibu refu. Nilimuuliza Mzee, akasema nimshikie tochi.

Usiku nitakaousimulia ulikuwa wa Alhamisi, 2016. Tulikuwa kwenye ukaguzi wa 206 unaofanywa kila baada ya saa 100 za kuruka. Injini ile ina silinda sita na kila silinda plagi mbili za kutoa cheche, moja kwa kila magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche hizo, ili magneto ikifa nyingine iendelee kuchoma. Plagi 12, basi. Unazitoa, unachokonoa vipunje vya madini ya risasi vinavyoachwa na petroli, unapima uwazi, unarudisha. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku, Mzee ameenda kula. Plagi ya chini ya silinda namba tatu ikanitoka mkononi, ikagonga sakafu.

Kila fundi anajua: plagi iliyoanguka ni takataka. Kaure ya ndani inaweza kupasuka na kwa nje usione hata mkwaruzo. Stoo ilibaki na plagi mpya chache, na nilishasikia mhasibu akilalamika. Niliifuta, nikaipuliza, nikaipima, nikaifunga. Mzee aliporudi alipima mkazo wa zote 12 kwa spana ya kipimo. Zilikuwa sawa. Akatia sahihi.

Alfajiri redio ililia. Zahanati moja ya porini ilikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana, barabara imekatwa na korongo. Rubani akaja mbio, akawasha, akapandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika na kujaribu magneto moja moja. Mizunguko inaruhusiwa kushuka isizidi 150. Kwa magneto moja ilishuka 220 na ndege ikatetemeka. Akapunguza mafuta, akaiunguruma kidogo kuchoma uchafu, kama wafanyavyo wote. Ikashuka 160.

"Kumi tu," alisema dirishani. "Mzee, kumi tu, na kuna mtu anakufa."

Hakuwa mtu mzembe. Alikuwa mmoja wa marubani makini niliowahi kuwafahamu, na alikuwa karibu kulia. Lile shinikizo nililoliandikia ukurasa mzima Embakasi halikuja na bosi wala faida. Lilikuja na mama mwenye uchungu, na sala ya asubuhi iliyomtaja. Utamkatalia nani?

Mzee alisimama penye bawa. Hakumjibu rubani. Aliniuliza mimi: "Jana usiku kulikuwa na nini?"

Nikasema, "Hakuna kitu, Mzee."

Akaendelea kunitazama. Nadhani ilikuwa nusu dakika. Nikasema, "Plagi ya chini, namba tatu. Ilianguka."

Hakupaza sauti. Aliashiria kwa mkono injini izimwe, akaenda stoo mwenyewe. Tulivua kava, injini ikiwa ya moto, niliungua mkono huu hapa. Dakika 40 mpaka kufunga na kujaribu tena. Ilishuka 70. Rubani aliondoka bila kuniaga.

Mama yule alifika hospitali, akapasuliwa, akapona. Mtoto hakupona. Siku ya pili daktari alisema kwenye redio kwamba mtoto alikuwa ameshafariki tumboni kabla ya alfajiri. Sijui kama daktari yule alikuwa ameambiwa habari za plagi. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

Nilisubiri kufukuzwa. Jioni Mzee alikuja na kitabu changu cha kumbukumbu, akakifungua. "Andika." Nikauliza niandike nini. "Andika ulichofanya. Plagi imeanguka, imefungwa, imeondolewa. Na namba yake." Nikaandika, mkono umefungwa bandeji, mwandiko wa mtoto wa chekechea. Chini yake akaandika kwamba yeye alitia sahihi usiku ule bila kuuliza zimeshikwaje, akaweka jina lake. Plagi akanipa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilijifunza kunyoosha kwa tupa mikwaruzo ya mawe kwenye propela, kubadili silinda, kukata filta ya oili na kukunjua karatasi yake juani kutafuta chembe za chuma. Rubani yule tulikuja kuzungumza, miezi baadaye, tukiwa porini na tairi iliyopasuka. Alinisimulia habari za Jack Hemmings na Stuart King, Waingereza walioruka mwaka 1948 na kindege cha Miles Gemini kuangalia kama misheni za Afrika zinahitaji ndege, wakaangukia mlimani Burundi na kutoka wazima. Hemmings aliishi hadi miaka 103, amefariki Januari 2025. "Kazi yetu imeanzia kwenye ajali," rubani alisema. Ndivyo alivyoniomba radhi, nadhani, au alivyonisamehe.

Mitihani ya leseni niliifanya kwa vipande. Sheria za anga nilishindwa mara ya kwanza, kwa kiburi. Nilidhani ni somo la kukariri usiku mmoja. Anayejiandaa asinifuate hapo. Umeme wa ndege uanze mapema kuliko unavyofikiri. Na kitabu cha kumbukumbu kisikae kwenye mkoba wa chakula. Changu kina duara la mafuta ya maandazi ambalo lingefeli kipimo chochote cha karatasi.

Usaili wa mwisho ulikuwa Dar es Salaam, mwaka 2018. Mtahini alipekua kitabu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusema. Akafika kwenye mwandiko ule mbovu, akasimama. Akausoma mara mbili, na wa Mzee chini yake.

"Plagi hii iko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nayo mfukoni. Niliitoa nikaiweka mezani, juu ya karatasi zake. Aliigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha akitafuta ufa.

"Hauonekani," alisema.

"Hauonekani, mheshimiwa."

Akanirudishia, akafungua ukurasa uliofuata.