Rodolfo Wawili Jukwaani

Simu ya wakala wangu ililia asubuhi na mapema, saa ambayo watu wa opera, yaani tamthilia za kuimbwa, hawapigiani ila kuna mgonjwa. Tenori, yaani mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, aliyekuwa akiimba nafasi ya mshairi Rodolfo katika opera ya La bohème alikuwa amepoteza sauti, mwimbaji wa akiba naye alikuwa kitandani kwa mafua, na pazia lilikuwa lifunguliwe jioni ya siku hiyohiyo. Nafasi yenyewe niliijua kwa ghibu, kwani nilikwisha kuiimba kwingine, lakini jukwaa la nyumba ile ya opera sikuwa nimelikanyaga kamwe. Nilikubali kabla hajamaliza maelezo yake, nikawahi treni.

Watu hudhani kwamba tenori anayejitoa saa za mwisho ni mtu wa kudeka. Ukweli ni kwamba mwimbaji mgeni kwa kawaida hulipwa kwa kila onyesho analoimba, na asipoimba hapati kitu, kwa hiyo huvuta subira mpaka asubuhi ya siku yenyewe, akijifukiza mvuke na kukaa kimya, akitumaini kwamba nyuzi za sauti zitaacha kuvimba. Mimi mwenyewe nimewahi kusubiri hivyo, na mgonjwa yule sikumlaumu hata kidogo.

Nilipofika, muda wa kunifundisha mienendo yote ya jukwaani haukuwepo. Uongozi ukachagua njia ambayo nyumba nyingi za opera huitumia wakati wa dharura: msaidizi wa mwongozaji, aliyeikariri kila hatua mazoezini, angevaa koti la Rodolfo na kuigiza huku akichezesha midomo tu, nami ningesimama pembeni kabisa mwa jukwaa, mbele ya stendi ya nota yenye taa ndogo, nikimwimbia.

Kondakta, yaani kiongozi wa okestra, alinipa muda mfupi kwenye piano. Hakutaka kunisikia nikiimba kila kitu; alitaka kujua ninapovuta pumzi na ninapopenda kukawia. Halafu, bila kuinua macho, akauliza, "Aria ya kwanza tuiimbe juu au chini?"

Swali hilo kila tenori analielewa. Katika "Che gelida manina", aria (wimbo wa mtu mmoja) ambapo Rodolfo anaushika gizani mkono baridi wa Mimì, jirani atakayempenda, na kujitambulisha kwake, mtunzi Puccini aliweka nota ya C ya juu ambayo hadhira huisubiri tangu taa zinapozimwa. Kwa mazoea ya muda mrefu aria hiyo huruhusiwa kushushwa nusu toni: okestra huteremka pale inapoanza, kisha hurudi mahali pake kabla soprano, mwimbaji wa kike anayeigiza Mimì, hajamjibu, na nota ya kilele huwa B. Kwenye C ile nyuzi za sauti hutetema takriban mara 523 kwa sekunde. Kwenye B hutetema takriban mara 494. Kwa masikio ya wasikilizaji wengi tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini kwa koo lililoamshwa ghafla na kukaushwa na hewa ya treni si ndogo hata kidogo.

"Chini, maestro," nikasema, nikijiandaa kumwona akinuna.

"Vema. Kurasa za aria iliyoshushwa zimo kwenye majalada ya wapigaji tangu usiku wa kwanza."

Nilicheka kwa sauti, maana nilikuwa nimepita mbele ya bango lenye picha ya mwenzangu aliyeugua, mtu anayesifiwa hasa kwa nota zake za juu.

Ibada hii ya C ya juu ina historia chungu. Mwaka 1829, mtunzi Rossini alipotoa opera yake Guillaume Tell huko Paris, Adolphe Nourrit aliimba nafasi ya Arnold akizipandisha nota za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwani, kama walivyofanya tenori wa zama zake. Mwaka 1837 Gilbert Duprez akaiimba nafasi hiyohiyo huku akiitoa C kwa sauti nzito ya kifuani, na watu wakapagawa. Rossini mwenyewe hakupendezwa, lakini hadhira ilikwisha kuamua. Nourrit alikwenda Italia kutafuta sauti ya namna hiyo, na mwaka 1839 akajiua huko Naples. Kila ninapomsikia mtu akimpima tenori kwa nota moja, humkumbuka Nourrit.

Jioni ile pazia lilipofunguliwa, kilichonisumbua zaidi ni macho ya soprano. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mtu asiyetoa sauti, na sauti inayouimba mkono huo ilimjia kutoka upande mwingine kabisa. Mwanzoni aliangalia huku na huku, kisha akaamua kumtazama msaidizi na kunisikiliza mimi. Msaidizi naye alikuwa hodari kuliko nilivyotegemea: alivuta pumzi kila nilipovuta, hata mabega yake yakapanda pamoja na yangu. B ikatoka kwa ulaini, nikaishikilia bila kuisukuma, na makofi yakaja kama kawaida.

Tatizo halisi lilikuwa mwisho wa Tendo la Kwanza, ambapo wapenzi hutoka na kumalizia kuimba nyuma ya jukwaa. Kama ningebaki kwenye stendi yangu, Mimì angesikika kwa mbali na Rodolfo karibu, jambo lisilo na maana yoyote. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nichukue kitabu changu na kuingia gizani wakati uleule wanaoutumia wao. Tukakutana nyuma, mbele ya skrini iliyomwonyesha kondakta, watatu tumebanana. Soprano akapanda C yake. Mimi nikaimba E iliyo chini yake, kama Puccini alivyoandika, ingawa tenori wengi humfuata soprano huko juu kana kwamba wanashindana. Msaidizi alikuwa ameinama, akijifuta jasho kwa skafu ya Rodolfo.

Matendo mengine yalipita bila kisa. Wakati wa kuinama mbele ya hadhira palizuka ubishi mdogo nyuma ya pazia juu ya nani atoke kwa niaba ya Rodolfo, na soprano akaumaliza kwa kutushika mikono sote wawili na kutuvuta nje.

Mgonjwa hakupona upesi, kwa hiyo nikaombwa niimbe onyesho lililofuata, safari hii nikiigiza mwenyewe. Siku nzima msaidizi alinitembeza jukwaani: hapa mshumaa unazimwa, hapa ufunguo wa Mimì unadondoka, na mlango wa chumba unavutwa, hausukumwi. Kondakta alipopita aliniuliza tu kama viatu vinanitosha. Habari ya juu au chini hakuigusa tena, na kurasa zilibaki zilezile.