Siku moja masijala: nikitafuta folio ya saba

Nikiulizwa nafanya kazi gani, nasema natunza majalada, na mazungumzo hufia hapo. Anayejitahidi kunifariji huniambia hata Einstein aliwahi kukaa kwenye dawati la serikali. Kweli, alikagua maombi ya hataza mjini Bern kuanzia 1902. Lakini 1909 akaondoka. Mimi huu ni mwaka wa 11 masijala na sijagundua kitu. Basi someni siku moja tu, ya jana.

Saa moja na nusu asubuhi nafungua mlango, nafungua dirisha, nafungua regista.

Saa mbili barua zinaingia. Kila moja nagonga muhuri wa kupokelewa, naiandika: tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, imekwenda jalada gani. Jana zilikuwa 43. Hakuna tunachochekwa nacho kama huo muhuri. Wacheke. Siku mtu atakapoambiwa rufaa yake ilichelewa, tarehe ile ya wino wa zambarau ndiyo itakayomtetea.

Saa tatu, majalada ya kukumbusha. Ofisa huandika "niletee tena tarehe fulani", nami naitia kwenye daftari langu, siku ikifika nampelekea. Jana yalikuwa tisa. Mawili yalirudi papo hapo: "Nimeona. Lirudi baada ya wiki mbili." Moja kati ya hayo linaonwa na kurudishwa hivyo tangu mwaka juzi. Tunazeeka pamoja.

Saa nne kasoro akaingia yule mzee. Mara ya nne mwezi huu. Bahasha ya plastiki kwapani, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmeipata?"

Ni barua yake ya kuthibitishwa kazini. Ametumikia miaka 34, amestaafu, na mafao yamekwama kwa sababu wanaoyakokotoa wanataka kuiona. Nakala aliyokuwa nayo nyumbani ililiwa na mchwa.

"Bado, baba. Naitafuta."

"Unaitafuta! Nyinyi kazi yenu kugonga mihuri na kusema njoo kesho. Barua ilikuwa mikononi mwenu. Mmeipeleka wapi?"

Aliyasema kwa sauti, na foleni nzima ikaitikia kwa vichwa. Nilitamani sana kumjibu. Shida ni kwamba alikuwa na haki.

Niwaeleze jinsi mtu anavyoweza kupotea akiwa hai. Jalada la mtumishi likinenepa linafungwa, inafunguliwa juzuu ya pili, na ile ya kwanza haiongezwi kitu tena. Juzuu ya pili na ya tatu za mzee zilikuwapo. Ya kwanza, hakuna. Nikarudi kwenye faharasa ya zamani, zile kadi za kuandikwa kwa mkono. Nikatafuta kwa jina lake, hola. Nikatafuta kwa jina la baba yake, maana makarani wa zamani kila mmoja alitanguliza analotaka. Hola. Mwishowe nikajaribu L mahali pa R, na huyo hapo! Karani wa enzi hizo alimwandika alivyomsikia, na kosa la herufi moja likakaa kimya miaka yote hiyo.

Nikapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa. Mahali pa jalada palikuwa na kadi. Jalada likitoka tunaacha kadi kwenye pengo: nani kalichukua, lini, liko chumba gani. Lilitoka miaka tisa iliyopita. Nikacheka peke yangu kule juu, na vumbi langu.

Aliyetajwa kwenye kadi alishahamishwa. Aliyerithi chumba chake akasema majalada ya zamani yako kwenye kabati la korido. Kabati lina kufuli. Ufunguo anao mama mmoja wa uhasibu. Mama wa uhasibu yuko kikaoni. Kikao kinaisha lini? Kikiisha. Nikashuka, nikahudumia foleni, nikapanda, nikashuka. Muda wa mapumziko ulipita sikuuona. Mzee alikuwa bado kwenye benchi, kila nikipita ananitazama kama mtu anayehesabu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipopewa ufunguo. Saa nane, labda na nusu. Kabati linanuka unyevu. Jalada lilikuwa chini kabisa, limelaliwa na kibodi mbovu na kalenda za miaka iliyopita. Nikalifungua pale pale sakafuni.

Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba, kona ya juu kulia, kwa wino mwekundu. Hiyo ndiyo folio. Nilipoanza kazi niliona ni upuuzi, mtu mzima kuhesabu karatasi. Baadaye nikaelewa: ikichomoka moja, pengo linapiga kelele. Na lilipiga. Nne, tano, sita, nane.

Kwenye karatasi ya madokezo mtu alikuwa ameandika: "Folio 7, amethibitishwa kazini."

Nilikaa. Nilikuwa karibu kulia, na nakiri haikuwa kwa ajili ya mzee, ilikuwa kwa ajili ya mgongo wangu. Kisha nikaanza kufunua karatasi moja moja, kwa kuwa sikuwa na wazo jingine. Folio 12 ilikuwa nzito kidogo kuliko wenzake. Nikaigeuza. Unyevu ulikuwa umegandisha mgongoni mwake karatasi nyembamba ya nakala ya kaboni, ile inayoonyesha vidole ukiishika. Tundu lake lilikuwa limechanika hadi ukingoni, ndiyo maana ilichomoka. Nikaibandua kwa rula, polepole, pumzi nimeibana. Herufi za taipureta, kila "a" imejaa wino. Kona ya juu kulia, nyekundu: 7.

Kuna karani nisiyemjua, huenda hayupo tena duniani, aliyeiandika hiyo saba vizuri siku ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama. Na huenda ndiye yule yule aliyeandika L mahali pa R. Nikamsamehe nusu.

Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote, hata anwani. Nilikuwa nasubiri asante, nisiwafiche.

"Mbona mmeitoboa?"

Nikamweleza kuhusu matundu. Nikamweleza pia kwamba nakala lazima isainiwe na mkubwa kuwa ni sahihi, na mkubwa ameshaondoka. Aje kesho. Neno lile lile! Nikajiandaa kutukanwa. Akaelekeza kidole kwenye kona.

"Hii nyekundu ndiyo namba yake?"

"Ndiyo, baba."

Akaomba kalamu, akaiandika juu ya bahasha yake, kubwa, akaipigia mstari.

Alipotoka nilibandika kipande cha karatasi kwenye tundu lililochanika, nikaitia saba kati ya sita na nane, na jalada nikalifungia kwenye droo yangu. Nikapanda ngazi mara ya mwisho. Kwenye kadi ya miaka tisa nikakata jina la zamani kwa mstari mmoja, chini yake nikaandika langu, tarehe, na "droo ya kushoto". Nikairudisha kwenye pengo. Taa za korido zilikuwa zimeshazimwa.