Siku moja maishani mwangu: fundi wa piano, konsati ya mafuriko

Saa kumi na moja alfajiri niko steji ya Githurai nangoja matatu, mvua inanyesha tena, hii ya Mei 2024 haichoki. Leo kuna konsati ya kuchangia waathiriwa wa mafuriko na mimi sitozi hata bob. Nasema mapema juu nimeshaona hizi konsati za msaada ambapo tenti, spika na lanchi ya wageni zinamaliza pesa kabla godoro moja kununuliwa.

Saa moja, kanisani. Piano imepanda juu ya 440, ile sauti ya kawaida ya kupimia noti ya A, mvua hufanya hivyo, mbao zinanyonya unyevu zinafura na nyuzi zinakazika, na nyuzi zenyewe ni kama 230 hivi kwa hivyo huwezi kugusa mbili tatu ukaenda. Na kii mbili zinakwama. Haya, koti kando.

Saa tano kwaya inaingia, wamejilipia nauli, karatasi zao ni za solfa, zile noti za do-re-mi. Wanaimba Messiah ya Handel na aliyechagua alijua anachofanya, maana Aprili 1742 kule Dublin ilipoimbwa mara ya kwanza ilikuwa mchango vilevile, wafungwa 142 wakalipiwa madeni wakatoka jela, na wanaume waliombwa waache panga zao za kiunoni nyumbani ili watu waenee. Sisi shida yetu ni miavuli.

Saa nane ndio nilikasirika kidogo. Kuna kijana anapiga selo, ile kama fidla kubwa, anatoka Mathare, kwao kulikuwa kando ya mto, maji yalibeba vitu, halafu tingatinga likaja kumalizia ukuta juu serikali ilisema walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni watoke. Selo ilipona kwa sababu huwa anaiacha kwa mwalimu. Sasa MC anataka asimame mbele ya watu aelezee, ati wageni wataguswa. Kijana akamwambia, "Mimi nimekuja kucheza, boss. Jina langu liko kwa listi ya magodoro, hiyo inatosha." Mwalimu wa kwaya akasema basi, mazoezi yaendelee. Hapo nilimheshimu sana.

Saa kumi watu wanajaa. MC anaeleza ya Mai Mahiu, vile maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya maji iliziba, Aprili 29 yakapasuka usiku watu wakiwa wamelala, zaidi ya 50 wakafa. Hapo hakuhitajika mtu wa kulia stejini. Haleluya ya hiyo Messiah ilipoanza wote wakasimama, na simu zilikuwa tayari mkononi, namba ya paybill ya kutuma mchango iko kwa karatasi ya programu.

Saa mbili usiku mweka hazina anapiga hesabu. Ukumbi sufuri, kwaya sufuri, piano sufuri. Halafu jamaa wa spika analeta bili ya maikrofoni kumi, na maikrofoni iliyotumika ni moja tu, ya MC! Tumebishana naye hadi akapunguza nusu. Nusu, jamani.