Hofu ngapi, kichwa ngapi?

Kila nilipouliza nianze na lipi kwa askari aliyetikiswa ubongo na mlipuko na pia ana kiwewe, yaani hofu na jinamizi vinavyobaki baada ya tukio la kutisha, niliambiwa, "Mtibu kwanza kichwa, kiwewe kitasubiri." Kauli hiyo imewachelewesha askari wastaafu wengi na inanikera mpaka leo. Asiyelala kwa sababu ya jinamizi kichwa chake hakiponi, na asiyekumbuka alichoelekezwa juzi hafanyi mazoezi ya kuikabili hofu yake. Askari huyu wa hapa Tabora, aliyerudi kutoka ulinzi wa amani Kongo baada ya kupatwa na mlipuko, nilimtibu yote mawili kwa pamoja.

Nilianzia masikioni. Mlipuko unaweza kupasua ngoma ya sikio, na "usahaulifu" mwingi ambao wake wa askari hulalamikia ni maneno ambayo hayakusikika tangu mwanzo. Picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, ikiwa safi isikudanganye, mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humo.

Alikuja na diazepamu ya usingizi na tramadoli ya maumivu ya kichwa. Diazepamu haitibu kiwewe, tena hulemaza kumbukumbu iliyokwisha kuumia. Niliipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maana ukiikata ghafla unaweza kumletea degedege. Tramadoli nayo huchochea degedege, na haipatani na sertralini, dawa ya kiwewe, kwa hiyo iliondoka kwanza ndipo nikaanza sertralini miligramu 25, kisha 50. Paracetamoli iliwekewa kikomo. Akimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu.

Kilichomlaza kifudifudi kila mara ni honi ya treni. Stesheni yetu ndiyo njia panda ya reli ya Kigoma na ya Mwanza, hakuna pa kuikwepa. Nilimpeleka alasiri, nikamketisha dakika 90 ili hofu ipande na ishuke yenyewe, kama tiba ya kiwewe inavyoelekeza. Alivumilia, nikadhani tumefaulu. Kichwa kikamuuma siku tatu, akakataa kurudi. Kosa lilikuwa langu: kila aliposhika kichwa nilihesabu ni hofu, kumbe ubongo uliojeruhiwa unaumizwa na kelele yenyewe.

Alipokubali tena, safari ya pili tulikwenda asubuhi, kabla hajachoka, dakika 20 tu. Kila dakika tano nilimuuliza namba mbili, kati ya sifuri na 10.

"Afande, hofu ngapi?"
"Nane."
"Kichwa ngapi?"
"Tatu."

Hapo tunakaa. Hofu ukiikalia hushuka, lakini maumivu ya kichwa ukiyakalia hupanda. Kichwa kikipita tano tunasogea nyuma hatua mia, chini ya mwembe, mpaka kitulie. Hatukimbilii nyumbani, kwa sababu akiondoka hofu ikiwa juu, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Pamba za masikio nilizikataa pia. Akizivaa kutwa nzima ndani ya nyumba tulivu, masikio yanazidi kuwa mepesi kushtuka. Wiki ya sita, treni ikiondoka mbele yetu, aliniambia hofu tatu, kichwa mbili.

Kila kikao kilikuwa na jambo moja tu. Aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari dogo la shilingi elfu au pungufu, na simu yake ya kitochi ilipiga kengele mara tatu kwa siku kumkumbusha. Kuamka ni saa kumi na mbili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Mkewe nilimwomba asimwamshe kwa kumshika, amwite jina akiwa mlangoni.

Katika tiba hii mgonjwa husimulia tukio lenyewe, lakini dakika za mlipuko hazikumbuki, na sikumlazimisha. Ubongo uliotikiswa haukuzihifadhi, na ukimbana atajaza pengo kwa mambo aliyosimuliwa na wenzake. Tulisimulia mpaka harufu ya dizeli, kitu cha mwisho anachokikumbuka, tukarukia mkono wa mwenzake uliokuwa ukimfungua kamba za buti.