Bluu ya kina mama ilivyonigeukia zambarau

Wacha niwaambie vile nilikula hasara ya bango zima juu ya rangi moja tu.

Mimi hapa Kisumu natengeneza mabango, kadi za harusi na programu za matanga, hiyo ndio inalipa rent. Juzi kina mama wa chama fulani wakaniletea kazi, bango la futi 6 kwa 3, na sare yao ni bluu ile ya kung'aa mpaka unakunja macho, mwenyekiti akanipa hata kipande cha kitambaa ati nisikosee. Nikafungua Photoshop, nikaandika 0, 0, 255, yaani nyekundu sufuri, kijani sufuri, bluu hadi mwisho, nikaweka kitambaa kando ya skrini, zimefanana kama mapacha, nikatuma faili kwa mwenye mashine. Kesho yake bango linafunguliwa mbele ya mama mwenyekiti, kimya. Halafu: "Kijana wangu, haya ni maua ya jacaranda. Sisi tulisema bluu."

Na kweli ilikuwa zambarau. Nikalaumu wino, nikalaumu mashine, nikalaumu stima, kumbe shida ni yangu.

Kitu nilikuwa sijashika miaka yote hii ni kwamba zile namba si rangi. Ukiambiwa mtu anakaa nyumba namba 12, swali la kwanza si ni wapi? Namba 12 ya Milimani na namba 12 ya Nyalenda si mlango mmoja. Sasa 0, 255, 0 ni kijani gani? Inategemea uko mtaa gani, na mtaa hapa ni ile wanaita color space, mpangilio unaosema kila namba ni rangi gani hasa. Mtaa wa kawaida ni sRGB, uliotengenezwa na HP na Microsoft mwaka wa 1996 ukifuata skrini za wakati huo, zile za mgongo mkubwa. Adobe RGB ikaja 1998, kijani chake kinaenda mbali zaidi. Halafu kuna ProPhoto ya Kodak ambayo ni kubwa hadi kuna namba ndani yake ambazo hazina rangi yoyote jicho la binadamu linaweza kuona, yaani plot iko kwa ramani lakini ukienda unapata ni ziwa.

Watu huniambia ati kompyuta ina rangi milioni 16. Sawa, chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja 0 hadi 255, ukizidisha unapata 16,777,216, lakini hizo ni hatua tu. Ukihamia mtaa mkubwa na hatua zako ni zilezile 256, kila hatua inakuwa ndefu, na ndio maana anga ya jioni inaanza kuonyesha mistarimistari kama ngazi. Kwa hivyo ProPhoto fanya na biti 16, yaani hatua nyingi zaidi kwa kila chaneli, ama uachane nayo kabisa.

Kosa lingine langu la zamani, na hili naona vijana wengi wakifanya: kwenye menyu ya Photoshop kuna Assign na kuna Convert, na ukichanganya hizo mbili umekwisha. Assign inaacha namba vile zilivyo inabadilisha mtaa tu, kwa hivyo picha inageuka sura papo hapo. Convert inakutafutia namba mpya huko unakohamia ili sura ibaki vile ilikuwa, kadiri inavyowezekana. Kuna wakati nilipiga picha za boti kule Dunga kamera ikiwa kwa Adobe RGB, nikazituma hivyo hivyo, njiani profaili, ile lebo ya kusema namba ni za mtaa gani, ikatolewa, mwenye kupokea akaona jua la machweo limefifia kama limenyeshewa. Namba zilifika zote. Anwani ndio ilipotea.

Turudi kwa bluu. Mashine ya bango haina mwanga, ina wino: sayani (bluu ya kuelekea kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Kila kifaa kina mpaka wa rangi zake, hiyo ndio wanaita gamuti, na ile bluu kali ya skrini iko nje ya ua kabisa. Programu ikikosa pa kuiweka inaisukuma hadi mahali pa karibu, kwa mpangilio ambao Photoshop huja nao nikapata sayani asilimia 88 na majenta asilimia 77. Majenta 77! Hiyo yote lazima ikupe zambarau. Na Photoshop ilikuwa imenionya, kale kapembetatu kenye alama ya mshangao kando ya rangi, mimi nilidhani ni mapambo. (Rangi za rifleta za boda usijaribu kabisa, zile zina kemikali inayochukua mwanga usioonekana na kuutoa ukiwa unaonekana, wino wa kawaida hautawahi.)

Siku hizi kabla sijatuma kitu namwomba mwenye mashine profaili ya karatasi yake, faili inayoeleza mashine na karatasi yake zinatoa rangi gani, nabonyeza Ctrl na Y kwa Photoshop nione itakavyotoka, halafu Ctrl, Shift na Y, sehemu zote zilizovuka mpaka zinageuka kijivu. Mara ya kwanza kufanyia lile bango hivyo, sare zote za kina mama zikawa kijivu. Nilicheka peke yangu.

Nikarudia kazi kwa pesa yangu. Nikaacha sayani 100, majenta nikaipunguza hadi 60, nikaprinti vipande vitatu vidogo kwanza, nikavipeleka nje juani na kile kitambaa, kwa sababu chini ya taa ya duka kila kitu kinadanganya. Mama akavigeuza geuza, akachagua cha katikati.

"Hii si yenyewe," akasema, "lakini ni ya ukoo."

Akatoa simu akanitumia balansi, akakata mia mbili ya usumbufu.